Kijiti Ndani ya Pipa

Fundi Pancha alikuwa na maadui wawili duniani: bwawa lililokuwa nyuma ya kibanda chake, na wakubwa waliokataa kulifukia. Ukipita asubuhi, kabla hajafungua mnyororo wa pampu ya upepo, ungemkuta amesimama ukingoni amelikodolea bwawa macho, kama mtu anayemwona mwizi wake akikatiza barabarani kwa raha zake. Analitemea mate. Halafu anachukua ndoo, anateremka palepale, anachota maji ya kazi. Angefanyaje? Bomba la mtaa lilikauka siku nyingi, na fundi wa kuziba pancha asiye na maji ni sawa na kinyozi asiye na wembe.

Maji hayo aliyamimina kwenye pipa lililokatwa nusu, na pipa hilo ndilo lilikuwa ofisi yake nzima. Tyubu inajazwa upepo, inazamishwa, inazungushwa taratibu mpaka mapovu yaoneshe tundu liko wapi. Mafundi wote wana pipa la namna hiyo. Ila la Pancha, enzi za mkewe, lilikuwa na kioja chake: kijiti cha tete kimesimamishwa ndani, kimeegemea ukingo, nusu majini na nusu hewani. Mkewe ndiye aliyekiweka. Pancha akikitupa, mama anakirudisha. Akikitupa tena, anakuta kingine, kirefu zaidi.

"Mama we, hili ni pipa la kazi au sufuria ya jikoni? Unakoroga nini humu?"

"Kuna wadudu humo wanataka kutoka," mkewe alikuwa akimjibu. "Wewe ziba matundu yako, baba, niachie mimi wageni wangu."

Wageni wenyewe walikuwa vidudu vya rangi ya tope, miguu sita, macho makubwa na sura ya mtu aliyeamshwa kwa kelele. Walikuja na ndoo kutoka bwawani. Mara kwa mara Pancha aliwakuta wameng'ang'ania tyubu, akawabandua na kuwarushia kuku, na kuku wa jirani walimpenda kwa hilo.

Kisha ikaja mvua ile kubwa, na baada ya mvua ikaja homa. Mkewe alilalamika kichwa siku ya kwanza, viungo siku ya pili, baada ya hapo hakulalamika tena, na hapo ndipo Pancha alipoogopa. Hospitalini wakasema ni homa ya mbu. Wakasema anahitaji dripu. Wakasema dripu hapa zimekwisha, mzee, kanunue nje. Akatoka mbio, akazunguka maduka ya dawa, akapata. Aliporudi nayo mkononi, kitanda kilikuwa kimeshatandikwa shuka jingine.

Siku ya mazishi alikichomoa kile kijiti pipani, akakivunja vipande, akakitia kwenye moto wa chai ya waombolezaji. Kilikuwa kibichi. Kilitoa moshi tu.

Tangu hapo kazi yake ikawa mbili, kuziba pancha na kudai bwawa lifukiwe. Aliziba mabenchi ya ofisi zote kwa makalio yake. Njoo kesho. Mkubwa yuko kikaoni. Fungu halijashuka. Umeonana na wa ghorofa ya juu? Akipanda ghorofa ya juu anaambiwa teremka chini. Alikuwa hajasoma sana, aliishia pale walipoanza kuandika kwa kalamu ya wino, lakini kwa kuwachambua wakubwa alikuwa na shahada. Na hadithi yake kuu, ambayo kila mnywaji chai wa kibanda cha jirani aliijua kwa moyo, ilikuwa ile ya bwana afya.

"Alikuja bwana afya hapa, mke wangu bado mzima," angesema, huku akipangusa gundi vidoleni. "Kavaa shati jeupe, kalamu mfukoni. Akasimama pale, akayanyooshea matairi yangu kidole, oo, matairi haya, oo, sheria. Nikamtoa ya soda. Akasahau kilichomleta! Mguu huo, akaondoka. Hao ndio wanaotulinda afya. Wanauzwa kwa bei ya soda, tena ya chupa ndogo!"

Watu walicheka kila mara. Mama Chai, mwenye kibanda, ambaye ulimi wake ulikuwa moto kuliko birika lake, alikuwa na jibu lake: "Na wewe ulinunua, fundi. Muuzaji hawi muuzaji bila mteja."

"Nyamaza, shemeji, mimina chai."

Matairi yenyewe yalikuwa ukuta. Miaka mingi alikuwa amekusanya yaliyochakaa, akayalaza yakapandana, kutoka kibandani mpaka karibu na matete, ukuta mweusi wenye kimo cha mtu. Aliuza moja moja kwa wenye mikokoteni. Ya juu yaliachama midomo yakingoja mvua, na hilo nalo alilipenda, maana siku za mvua hakuhitaji kuteremka bwawani: anainamisha tairi juu ya pipa, maji yanaingia, basi. Mkewe alikuwa akikaa kwenye kivuli cha ukuta huo mchana kutwa, akimenya mboga na kupiga soga na wateja.

Basi, mambo ya wakubwa ni kama upepo wa pampu, huvuma mtu akiushika mpini. Uchaguzi ulipokaribia, Mheshimiwa alikumbuka kwamba mtaa huu upo. Akaja, akampa Pancha mkono wa pole, pole ya msiba ulioshapita mvua kadhaa, akatangaza mbele za watu kwamba Jumamosi malori yataleta kifusi na bwawa litazikwa. Na mtu wa kwanza kushika kipaza sauti atakuwa Fundi Pancha mwenyewe, mfiwa.

Jioni ile Pancha alilitazama bwawa bila kulitemea mate. Maiti haitemewi mate.

Siku chache kabla ya Jumamosi akaingia mgeni. Alikuwa binti wa mdogo wa kike wa marehemu mkewe, dada wa tumbo moja, msichana aliyekuwa akilala mapajani kwa mama yake mkubwa enzi za likizo. Sasa alikuwa mtu mzima, ameajiriwa ofisi ya mazingira, kwa maana hiyo ni wa wakubwa, japo mkubwa mdogo. Alivaa mabuti ya mpira, na begani alikuwa na wavu wenye mpini mrefu.

"Shikamoo, Baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kutusaidia kuzika?"

Binti akauegemeza wavu mlangoni. Alilazwa chumba cha mbele, akaamkia bwawani, akashinda humo, maji kiunoni, akipunga wavu.

"Fundi," akaita Mama Chai ng'ambo ya njia, "huyo mwanao anavua samaki wa hewani?"

"Muulize serikali, ndiyo inayomlipa."

Binti aliporudi kula mchana alileta chupa iliyofunikwa wavu mwembamba, akaiweka mezani kati ya sahani. Ndani alitua kereng'ende mwenye mkia mwekundu kama pilipili iliyoiva, na kwenye ncha za mabawa rangi ya moshi, kana kwamba aliponea kwenye moto.

"Unamjua huyu, Baba mkubwa?"

"Kereng'ende. Watoto huwafunga uzi."

"Wa namna hii hawako wengi. Alikuwa akionekana mabwawa kadhaa upande huu. Moja sasa ni stendi. Moja wamejenga ukumbi wa harusi. Lile la wafyatua matofali limejaa oili. Limebaki hili. Anataka maji yasiyo na sabuni wala oili, na matete ya kupandia akitoka majini. Nimekuja kuomba..." akasita, akakizungusha kijiko. "Nimeandikia ofisi wasimamishe kifusi. Hawajanijibu. Watakusikiliza wewe kuliko mimi. Wewe ndiye mfiwa."

Pancha aliacha kutafuna.

"Kwa hiyo amebaki huyu."

"Ndiyo."

"Anahesabiwa. Analetewa mabuti, analetewa wavu, analetewa mtu aliyesoma." Sauti yake ilikuwa ya chini, na ndivyo alivyokuwa akianza. "Mimi nilikuwa naye mmoja, mwanangu. Mmoja tu, dunia nzima. Hakuna wa namna yake stendi, hakuna ukumbini, hakuna popote. Mbona ofisi haikuja na wavu?"

Binti aliinamisha uso. Machozi yalimlengalenga, kwa kuwa na yeye alikuwa naye huyo huyo mmoja.

"Hawa ndio wanaokula mbu," akasema taratibu. "Wakiwa majini wanakula viluwiluwi vya mbu, wakitoka wanakula mbu wenyewe. Bwawa hili—"

"Bwawa hili limemuua mama yako mkubwa! Mbu walitoka wapi basi? Walishuka na mvua?"

Binti akafungua mdomo. Macho yake yakatoka mezani, yakapita mlangoni, yakatua nje kwenye ukuta wa matairi, yakakaa hapo kidogo, yakarudi. Akafunga mdomo. Pancha alimwona anatazama, ila alidhani anatafuta maneno.

"Nikuombe kitu kidogo basi," binti akasema. "Wale wadudu wa tope wanaoingia kwenye pipa lako. Ndio watoto wa kereng'ende. Usiwape kuku mpaka Jumamosi. Niwachukue niwahamishe, hata wachache."

"Mpaka Jumamosi," Pancha akasema. "Kuku watanidai."

Akatimiza ahadi, kwa kunung'unika. Kila alipokuta mdudu kwenye tyubu alimrudisha majini, akimwambia, "Haya, mtoto wa mkubwa, rudi ofisini."

Usiku wa kuamkia Ijumaa mvua ilinyesha tena, kama ilivyonyesha wiki iliyotangulia. Asubuhi akaja msukuma mkokoteni, tairi lake limekatika ubavuni halizibiki tena, anataka lolote lililo zima kidogo, na haraka, mzigo wa watu uko juani. Pancha akapanda ukuta, akashusha tairi moja. Lilikuwa limejaa maji. Hakuwaza, mkono ulizoea wenyewe: akaliinamisha juu ya pipa, maji meusi yakaingia gubu-gubu-gubu.

Msukuma mkokoteni akachungulia. "Fundi, maji yako yanacheza ngoma."

Kweli yalikuwa yanacheza. Viluwiluwi vya mbu, vyeusi, vyembamba, vimejaa kama nywele zilizokatwa zikamwagwa, vinajikunja na kujikunjua, vinapanda juu kuvuta hewa vinashuka.

"Maji ya mvua hayo," Pancha akasema. "Ya mvua yana mambo."

Akafunga tairi, akapokea chake, mteja akaenda. Akaleta tyubu nyingine ya kazi, akataka kuizamisha. Mkono ukasita juu ya maji.

Chini, kwenye tope la pipa, kitu kilisogea. Mdudu wa tope, yule mwenye sura ya kuamshwa, alijivuta mbele hatua moja, akatulia. Kiluwiluwi kikapita juu yake kikijikunja. Mdudu akafyatua mdomo wa chini, mdomo mrefu kama mkono uliokuwa umefichwa chini ya kidevu, akanasa, akarudisha. Akatafuna. Kingine kikapita. Akafyatua. Upande wa pili mwingine alikuwa akifanya vilevile, na mwingine, kama mafundi watatu wamepewa kazi ya haraka.

Pancha akavuta tairi, akalikalia. Mteja wa baiskeli alikuja akamwambia subiri. Akaja wa pikipiki, akamwambia nenda kwa mwenzangu wa njia panda. Mama Chai akapaza sauti, "Fundi, unaangalia sinema?" Alikaa mpaka kivuli cha kibanda kikahama upande. Vile viluwiluwi vilipungua, vikawa vya kutafutwa kwa jicho, mwisho maji yakatulia kama maji mengine yoyote ya pipa lake. Na hapo likamjia jambo la ajabu ambalo alikuwa amelitazama miaka yote bila kuliona: pipa lake, lililo wazi mvua na jua, halijawahi kuwa na viluwiluwi.

Akaondoka na kikombe cha bati. Akaenda ukutani. Akachota kwenye tairi la kwanza, akakitazama kikombe, akamwaga. La pili. La tatu. Kwenye lile la nne hakuchota, maana alivisikia. Au alidhani anavisikia. Lilikuwa ndilo lililo juu ya mahali ambapo mkewe alikuwa akiweka kigoda. Kikopo kuukuu cha sindano zake za kushonea bado kilikuwa kimechomekwa kwenye ufa wa tairi la chini, kimeliwa na kutu.

Akateremka bwawani. Akachota kwenye matete. Maji safi, jani, konokono mdogo, na mtoto wa kereng'ende mmoja aliyeukunja uso kama anamuuliza, na wewe unataka nini? Akasogea, akachota tena. Akasogea. Alichota mpaka ng'ambo kabisa, na kote alipata viluwiluwi hapa na pale, vya kuhesabika. Kwenye matairi hakuna ambaye angeweza kuhesabu.

Jua lilikuwa linainama wakati binti alipotoka majini, akaketi kwenye jiwe kuvua mabuti. Akamkuta Baba mkubwa wake amesimama na kikombe.

"Ulijua," Pancha akasema.

Binti alitazama kikombe, kisha ukuta. Hakujifanya hajaelewa.

"Nilijua nilipofika tu."

"Ukanyamaza."

"Ningesemaje, Baba mkubwa? Wewe ndiye uliyekimbia kumtafutia mama mkubwa dripu. Niingie mlangoni na mabuti nikwambie hivyo? Nilisema moyoni, kama bwawa litapona kwa njia nyingine, basi hili lisisemwe kamwe."

"Umekuwa kama wao. Unajua, unanyamaza."

"Nilinyamaza kwa sababu nakupenda."

Pancha akakizungusha kikombe mkononi. Wakubwa wote aliowahi kuwatukana walinyamaza kwa uvivu, au kwa tumbo, au kwa dharau. Huyu alimvunjia orodha.

"Ni hawa waliomuua?"

"Haiwezekani kujua ni mbu gani. Hata mimi siwezi."

"Lakini unadhani."

Binti, kwa mara ya kwanza, akaacha kumwonea huruma. "Wale wenye madoa meupe miguuni, wanaouma mchana, hupenda matairi. Na yeye alikuwa akikaa pale. Nadhani, ndiyo."

Walikaa. Juu ya matete kereng'ende mwekundu alikuwa akienda na kurudi, akienda na kurudi, kama askari wa zamu ambaye hajaambiwa kwamba kesho kituo kinavunjwa. Pancha alimfikiria bwana afya. Shati jeupe, kalamu, kidole kimenyooshwa. Kidole kilikuwa kimenyooshwa mahali penyewe hasa. Miaka yote ameisimulia ile hadithi na watu wakacheka, na hakuna siku aliyojiuliza bwana yule alikuwa anataka kusema nini kabla hajazibwa mdomo kwa soda.

"Kesho watanipa kipaza sauti," akasema.

"Unaweza kusema unaumwa, Baba mkubwa. Usitoke. Mimi nitasema."

"Wewe nani atakusikiliza? Wewe ni Bi Kereng'ende."

Jumamosi malori yaliyoahidiwa yalikuja kuwa moja tu, nalo lilibaki likiunguruma pembeni mwa njia, mgongo umejaa kifusi: matofali yaliyovunjika, zege, choo kizima cha kuchuchumalia kikiwa juu kama taji. Mheshimiwa alikuja na miwani ya jua. Watu walijaa, wengi wao walikuwa wamefiwa au wameuguza msimu ule ule, na walikuja kuona bwawa likilipa. Spika zilikoroma, zikanyamaza. Mheshimiwa akasema mambo ya maendeleo, akamshika Pancha bega.

"Huyu mzee wetu. Alilia, tukamsikia. Sema, mzee."

Pancha akakishika kipaza sauti kama anavyoshika tyubu, kwa mikono miwili.

"Mimi siyo msemaji," akasema. "Mimi nimekuja kuwaonesha tundu."

Watu wakacheka, wakidhani ni utani wa kazi. Akateremka jukwaani, akaenda kwa Mama Chai, akalichukua bila kuomba beseni lake jeupe la kuoshea vikombe. Akaenda ukutani. Akainamisha tairi. Maji meusi yakaingia kwenye beseni, na kwenye weupe ule kila kitu kilionekana. Akalibeba kifuani akapita nalo mbele ya watu wa mbele, polepole, kama mtu anayepitisha sahani ya michango msibani. Walichungulia mmoja mmoja. Mama mmoja akaruka nyuma.

"Hivi viluwiluwi ni vya kwangu," Pancha akasema, safari hii bila kipaza sauti. "Ni vyangu, wala siyo vya bwawa. Bwawani nimechota jana mpaka mgongo ukakataa, hakuna hivi. Kule mbu wana kereng'ende wa kuwala. Kwenye matairi yangu hakuna wa kuwala, mimi nimewajengea nyumba. Na bwana afya aliyekuja kuniambia, mimi ndiye niliyempa ya soda. Mmeicheka hiyo wenyewe."

Sauti ya mwanamume ikatoka nyuma: "Kwa hiyo mwanangu aliumwa kwa ajili ya matairi yako?"

"Huenda."

"Huenda! Mzee mzima unasema huenda!"

"Na mke wangu," Pancha akasema. "Huenda."

Hapo wakaanza kusema wote kwa pamoja. Wengine walitaka matairi yachomwe na yeye juu yake. Wengine walisema matairi yako kila ua, hata kwako wewe, lile unalofugia bata. Mwingine akasema fukieni vyote. Mama Chai akapanda kwenye benchi lake mwenyewe: "Mnampigia kelele kwa sababu amesema! Asingesema mngempigia makofi! Na nani amechukua beseni langu?"

Mheshimiwa alivua miwani. Akasema kwenye spika kwamba mzee wetu amezidiwa na msiba, tumwelewe. Akasema kifusi kimeshakuja, hakirudi. Lakini watu walikuwa wamesimama kati ya lori na bwawa, siyo kwa kulizuia, ni kwa kugombana tu, na hakuna dereva anayependa kurudi kinyumenyume kwenye ugomvi. Binti alikuwa miongoni mwao, mabuti miguuni, akimwonesha kila aliyetaka kuona chupa ya watoto wa kereng'ende na namna wanavyofyatua mdomo. Watoto wa mtaa walimzunguka wakipiga kelele kila kilipoliwa kiluwiluwi kimoja. Mheshimiwa akaangalia saa, akaangalia idadi ya kura zilizokuwa zinapigana ngumi mbele yake, akasema jambo hili litaangaliwa upya, akaingia garini.

Dereva wa lori akatoa kichwa dirishani. "Sasa mimi hii nimwage wapi? Nina safari nyingine!"

Hakuna aliyemjibu. Kwa hiyo aliinua mgongo wa lori, akamwaga palepale njiani, mbele ya mlango wa kibanda cha Fundi Pancha. Choo cha kuchuchumalia kikafika mwisho, kikatua juu.

Wiki iliyofuata ilikuwa mbaya. Pikipiki haziwezi kupanda kifusi. Wateja wa zamani walipita ng'ambo wakitazama mbele. Yule aliyeuguza mwanawe hakumsalimu, na hakumsalimu mpaka mwisho wa habari hii. Pancha alisogeza kifusi kwa toroli, kidogo kidogo. Jioni, pamoja na binti, alishusha ukuta wa matairi, moja baada ya jingine, akalitoboa kila moja kwa patasi matundu chini ili lisishike maji tena. Miaka yote ya maisha yake alikuwa akiziba matundu. Sasa anatoboa, na kila pigo la nyundo lilimpitia mpaka begani.

"Hujachoka, Baba mkubwa?"

"Nimechoka toka zamani. Piga hilo."

Usidhani aliwasamehe wakubwa. Dripu haikuwepo, na hilo ni lao, atawadai mpaka kaburini. Barua ya binti haijajibiwa mpaka leo, na mtu wa ofisi alipokuja hatimaye kulitazama bwawa alisimama juu ya kifusi kwa sababu hakutaka kulowesha viatu. Hasira ya Pancha haikuisha. Ilikuwa ya upande mmoja, sasa imegawanyika, na kipande alichobaki nacho mwenyewe kilikuwa kizito kukibeba kuliko kizima chote cha awali. Lakini alikibeba. Hadithi ya bwana afya hakuisimulia tena.

Siku ya kuondoka, binti alimwaga kwenye pipa ndoo ya watoto wa kereng'ende ambao alikuwa amewakusanya kuwahamisha. "Sasa hawahami," akasema. Akasita. "Mama mkubwa alikuwa akiniambia nikiwa mdogo. Aliwaona wakati wa kuota mabawa wanazama ukingoni, bati linateleza, hawana pa kupandia. Ndiyo akaweka kijiti."

"Aliniambia," Pancha akasema. "Aliniambia kila siku."

Akateremka bwawani akakata tete bichi, akalisimamisha ndani ya pipa, nusu majini na nusu hewani, akaliegemeza ukingo uleule.

Asubuhi moja, kukiwa na ukungu, alifika akanyoosha mkono kuanza kazi, akasimama. Kwenye tete, juu kidogo ya maji, mdudu wa tope alikuwa ameng'ang'ania, mgongo umepasuka. Kutoka kwenye ule mpasuko kilikuwa kimetoka kichwa, kifua, kisha mwili mzima, laini, mweupe kama kitu ambacho bado hakijaamua rangi. Mabawa yalikuwa yamekunjamana kama tyubu isiyo na upepo. Taratibu sana yalikuwa yanajaa.

Baiskeli ikasimama nyuma yake. Alikuwa mpeleka maziwa, gurudumu la nyuma limelala chini.

"Fundi, niwahishe, maziwa yataharibika. Zamisha hiyo tyubu."

"Subiri."

"Nisubiri nini? Si pipa hilo hapo?"

"Pipa lina mtu," Pancha akasema, akamvutia kigoda.